Sahani ya Stumai

Mpishi wa shule ile alikuwa mtu asiyekaa. Wasichana walisema Mama Hana anakula amesimama, anasali amesimama, na siku atakayoitwa na Mungu atawaambia malaika wamngoje kwanza aangalie sufuria. Jina lake la ubatizo lilikuwa Lea. Alikuwa Mnyiramba wa kule Kinyangiri, lakini wakubwa kwa wadogo walimwita kwa jina la binti yake, naye aliitika upesi, kwa sababu jina ndilo lililobaki karibu naye. Hana mwenyewe alikuwa mbali, Itigi, mke wa mtu.

Hana alikuwa amefika darasa la tatu tu. Baba yake, Yeremia, kibarua wa reli, alimtoa shule akampa mwenzake wa kazini. Mwalimu wa Hana alikuja mpaka nyumbani kuuliza. Lea alisimama mlangoni na mwiko mkononi, ugali ukimkaukia vidoleni, akawasikiliza wanaume wawili wakizungumza juu ya mtoto aliyemzaa yeye. Hakutia neno. Mwalimu akashika njia akaenda zake. Baadaye Yeremia alikufa kwa homa, serikali ikaing'oa reli ya Kinyangiri, na Lea akapata kazi ya upishi katika shule ya kati ya wasichana, upande wa Manyoni. Watu wakamwona mama anayezunguka toka jikoni hadi kisimani, toka kisimani hadi stoo, hata saa ambazo hapakuwa na kazi. Hawakujua kwamba kila alipokaa chini, ule mlango ulimrudia.

Bwalo la shule lilikuwa na meza nne ndefu. Nje kilining'inizwa kipande cha reli ileile iliyong'olewa, na hicho ndicho kilichokuwa kengele. Kila msichana alikuwa na sahani yake ya bati. Desturi ilikuwa hivi: sahani zote hupangwa mezani zikiwa zimefunikwa, kila mtu akija anageuza yake, kisha mpishi anapita na upawa. Sahani iliyobaki imefunikwa ni ya mgonjwa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Dina, hakuwa na haja ya kuita majina. Alipita tu kati ya meza, mikono nyuma, akitazama sahani.

Mwaka wa hamsini na nne, Januari, shule ilipokea msichana wa Issuna aliyeitwa Stumai. Baba yake, Mzee Ntandu, aliuza chumvi ya magadi pale sokoni Issuna, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa ukoo wake kumpeleka binti shule ya bweni ya Kikristo. Alimleta mwenyewe, mwendo wa siku nzima kwa miguu, akamwambia Mwalimu Dina maneno mawili: mtoto huyu aswali, na ukifika mwezi, afunge. Mwalimu Dina alikubali. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Stumai alikuwa mwembamba, magoti yametokeza, mkimya. Lakini alipokimbia wenzake waliacha mchezo wakamtazama. Kufikia Aprili jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha ya mbio za maili moja, zile za Siku ya Empaya, sikukuu ya dola ya Waingereza, ambapo shule zote hukusanyika uwanja wa boma Singida mwezi wa tano tarehe ishirini na nne.

Ramadhani nayo ikaingia mwanzoni mwa mwezi huohuo wa tano, watu wakivuna uwele.

Siku ya kwanza, mchana, sahani ya Stumai ilibaki imefunikwa. Mwalimu Dina akasimama mbele yake.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi, mwalimu. Nimefunga."

Mwalimu Dina hakukasirika. Alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa na hofu yake. Mwaka uliopita msichana mmoja aliyeitwa Yustina alikimbia na njaa, akaanguka uwanjani jua likiwa utosini, na kwa siku mbili hakumtambua mtu. Mwalimu Dina alikaa naye siku zote mbili akimlowesha midomo kwa kitambaa. Tangu hapo aliweka sheria: asiyekula hakimbii, na sahani ikifunikwa siku tatu mfululizo, mwenyewe anarudishwa kwao mpaka apone.

"Nilimkubalia baba yako," alisema. "Lakini sheria ya sahani ni ya wote. Sitaki kumzika mtoto wa mtu."

Lea alisikia yote, upawa ukiwa hewani. Kurudishwa kwao mpaka apone. Atapona nini, naye haumwi? Na msichana wa miaka kumi na minne akirudi nyumbani wakati wa mavuno, nyumba imejaa chakula na wageni wanapita, nani atamkumbusha baba yake kwamba kuna shule? Siku ile Lea alikwenda kisimani mara sita. Mitungi yote ilikuwa imejaa tangu safari ya tatu.

Siku ya pili sahani ilifunikwa tena. Siku ya tatu, kabla kengele haijagongwa, Lea aliingia bwaloni peke yake akaigeuza kwa mkono wake.

Alimhamisha Stumai akae mwisho wa meza, karibu na mlango wa jikoni. Alimpakulia kama wenzake, ugali na mlenda, sahani ikajaa. Alipozunguka mara ya pili kuongeza mboga, aliichukua ile sahani kwa mkono mmoja na kuweka nyingine kwa mkono wa pili, tupu, aliyokwisha kuipaka mlenda jikoni. Mwalimu Dina alipofika mwisho wa meza aliona sahani ya mtoto aliyekula akamaliza. Chakula chenyewe kilingoja ndani ya chungu mpaka jua lizame, Stumai akija kusaidia kuosha sufuria. Na alfajiri, Lea alipowasha moto wa uji, palikuwa na kiporo pembeni ya mafiga.

"Mama Hana," Stumai alimwuliza jioni ya kwanza, kinywa kimejaa, "huu si uongo?"

"Uongo ni wangu, saumu ni yako. Kula."

Alisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayetupa kaa la moto. Lakini usiku wakati wa sala, wasichana walipofika mahali pa kuungama, Lea aliacha kuitikia. Yeye mwenyewe Ijumaa Kuu alikuwa hali kitu mpaka jioni, na hakuna aliyewahi kuja kumkagulia sahani. Alijiambia hilo. Halafu akajiambia ile amri ya kushuhudia uongo. Yakawa yanapishana kichwani, hili likitoka lile linaingia, mpaka asubuhi.

Wasichana wa meza ile walijua toka siku ya kwanza. Mmoja wao, Klara, mdomo haukumtulia.

"Stumai, sahani yako ina mchwa," alisema siku moja. "Inaliwa na hakuna anayeila."

"Nyamaza, Klara."

"Nimenyamaza. Nasema tu wakimaliza ugali wasije wakaanza na meza."

Wakacheka ndani ya viganja. Lea akapita akamgonga Klara begani na ncha ya upawa, si kwa nguvu.

Zikapita siku. Stumai alishika saumu yake, akakimbia mazoezi ya jioni jua likishuka, na ikaonekana mambo yatakwenda hivyo hivyo mpaka mwezi uishe. Kumbe ule mlenda wa kupaka ulikuwa unafanya kazi nyingine.

Kila wiki unga wa shule uliletwa na Bonaventura, mwenye mkokoteni wa punda, mtu aliyebeba habari nyingi kuliko magunia. Wiki ya pili ya mfungo alifika akamkuta Mwalimu Dina mlangoni mwa stoo, naye mwalimu alikuwa na furaha. Akamwambia, bila nia mbaya, "Yule binti wa Ntandu alitutia wasiwasi mwanzoni. Sasa anakula kama wenzake, anamaliza sahani. Mwambie baba yake asiwe na shaka."

Bonaventura akamwambia baba yake. Alimwambia sokoni, mchana wa Ramadhani, mbele ya watu wanaonunua chumvi.

Ijumaa ya wiki iliyofuata alirudi. Lea alikuwa akipokea magunia.

"Shikamoo, Mama Hana."

"Marahaba. Mbona punda wako amechoka hivyo?"

"Nimemkimbiza. Ntandu yuko nyuma yangu. Atalala njiani, kesho asubuhi mtakuwa naye." Bonaventura alishusha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Anakuja kumchukua mtoto. Anasema alimpeleka akajifunze kuandika, si akale mchana wa mfungo wa Mungu. Mzee wa watu hakunifokea. Alifunga mizani yake akaingia ndani. Afadhali angefoka."

"Nani kamwambia anakula?"

"Mimi. Kwani hali?"

Lea aliliweka gunia chini, akalinyanyua tena, akalipeleka stoo, akarudi nalo nje bila kujua. Bonaventura akamtazama.

"Mama, hilo ulikwisha kuliingiza."

Siku ile ugali uliungua, jambo lililokuwa halijawahi kutokea. Lea alikwenda mara tatu mpaka mlango wa ofisi ya Mwalimu Dina na mara tatu akageukia njiani. Akisema kweli, atafukuzwa, na nje ya shule ile hakuwa na mahali. Asiposema, mzee atamchukua mtoto kwa kosa ambalo mtoto hakulifanya, tena kosa lililopikwa jikoni mwake yeye Lea. Alikuwa amemwekea Stumai boriti asiangukiwe na mlango, na boriti ndiyo ilikuwa inamwangukia. Jioni Stumai alipokuja kufuturu alimkuta amesimama katikati ya jiko, mikono mitupu.

"Kesho baba yako anakuja."

Stumai alishika kikombe cha uji bila kunywa. "Kasikia nakula?"

"Amesikia."

"Nitamwambia sikula."

"Utamwambia. Na mwalimu atamwambia umekula, ameona sahani kwa macho yake. Nani ataaminiwa?"

Msichana akainamisha kichwa. Hakulia. Alikunywa uji wote kwanza, kwa sababu alikuwa na njaa, ndipo akasema, "Mimi nilitaka vyote viwili tu, Mama Hana. Kufunga na kukimbia."

Mzee Ntandu alifika Jumamosi karibu saa sita, vumbi mpaka magotini, kanzu yake ameifunga kiunoni, fimbo mkononi. Hakukubali kiti wala maji. Maji kwa kweli asingeweza kuyakubali, na Mwalimu Dina alipoyarudisha aliona haya kwa kuyaleta. Walisimama uani, mbele ya bwalo. Stumai aliitwa. Lea alikuwa mlangoni mwa jiko, na mkononi, kama vile zamani, alikuwa na mwiko.

"Nimekuja kumchukua binti yangu," mzee alisema. "Sina ugomvi na mtu."

"Mzee wangu, kwa nini? Anaendelea vizuri. Jumatatu tuna mbio Singida, yeye ndiye tegemeo la shule. Anakula vizuri."

"Ndiyo niliyoyasikia. Anakula vizuri."

"Baba, sikula," Stumai alisema.

Mwalimu Dina akamgeukia, uso umemwiva. "Stumai. Usimdanganye baba yako mbele yangu. Nimeiona sahani yako kila siku."

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama mwalimu, na Lea akaona anachoka, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo. Akaushika mkono wa Stumai. "Kachukue nguo zako," alisema.

Lea alisikia mwiko ukianguka. Hakukumbuka kuuachia. Alikuwa amekwisha kufika katikati ya uwanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mtoto hakula. Mwalimu hakusema uongo, aliona sahani tupu. Sahani niliipaka mimi. Chakula chake nilikiweka chunguni mpaka magharibi, siku zote hizi, isipokuwa zile mbili za mwanzo."

Darasani madirisha yalikuwa yamejaa vichwa.

"Wewe ni mpishi wa hapa," mzee alisema polepole. "Unaweza kusema lolote kuisitiri shule yako."

"Shule siisitiri, mzee. Sasa hivi nadhani sina shule."

Kutoka dirishani sauti ya Klara ikasema, "Mwalimu, ni kweli. Meza yetu yote tulijua." Halafu kichwa chake kikazama.

Mwalimu Dina alikuwa hajasogea. "Lea," alisema. Hakumwita Mama Hana. "Umenidanganya wiki mbili. Angeanguka kama Yustina, mimi ningejua nini? Ningemwambia mganga amekula."

Hilo Lea hakuwa amelifikiria. Katika kuzunguka kwake kote, kisimani na stoo na jikoni, hilo moja hakuwahi kukutana nalo. Likamchoma kuliko yote.

"Nisamehe, mwalimu. Niliogopa atarudishwa kwao, asionekane tena."

Mzee Ntandu alimwachia Stumai mkono. Watu walidhani sasa atafurahi, lakini paji lake lilikuwa limekunjana zaidi.

"Kwa hiyo mwanangu amekuwa anafunga kwa kujificha," alisema. "Kama mwizi. Saumu ya Mungu, inafichwa nyuma ya chungu." Akamgeukia mwalimu. "Nilikuambia maneno mawili, ukakubali. Ulipoona la pili linakushinda, kwa nini hukuniita?"

Mwalimu Dina alitazama vumbi lililompaka mzee magotini. "Niliona Issuna ni mbali."

"Mimi nimetembea."

Kipande cha reli kiligongwa saa ileile, saa sita, na wasichana wakatoka madarasani wakipita pembeni pembeni kama kuku wageni. Mwalimu Dina akawatazama wakiingia bwaloni. Kisha akasema, "Mzee, siku za darasa nitakubali sahani yake ifunikwe, mtu asimguse. Lakini mbio za maili moja ni saa nane mchana. Na njaa, na jua la Singida. Hapo siwezi. Mtoto alikwisha kuniangukia mikononi."

"Kutoka hapa mpaka Singida mnakwenda na nini?"

"Na lori. Tunaondoka kesho baada ya ibada, tunalala Utemini, palepale mjini."

"Basi atakuwa msafiri," mzee alisema. "Msafiri ana ruhusa. Atakula Jumatatu, siku hiyo ataifunga baadaye, baada ya Idi. Hata mimi ningemwambia ale kabla ya mbio kama hiyo. Mngeniuliza."

Stumai alimtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Lea naye alitaka kukaa chini, palepale mchangani. Siku zote zile, mlenda wote ule, na neno lenyewe lilikuwa Issuna linauza chumvi.

Lea, Mwalimu Dina na Stumai walikwenda bwaloni, mzee akabaki mlangoni. Sahani ya Stumai ilikuwa imegeuzwa tayari. Lea aliigeuza asubuhi, kwa mazoea. Akaiendea mbele ya meza zote nne na kuifunika. Bati likagonga ubao. Mwalimu Dina alipita, mikono nyuma, akaitazama ile sahani, akaendelea mpaka mwisho wa meza.

Kabla ya lori kuondoka, Jumapili, alimwita Lea ofisini. Lea alisimama. Mwalimu Dina alinyoosha mkono akaomba ufunguo wa stoo.

"Utapika kama kawaida," alisema. "Lakini ufunguo nitakaa nao mimi. Kila asubuhi utakuja kuuomba."

"Ndiyo, mwalimu."

"Si kwa ajili ya saumu. Ni kwa ajili ya sahani."

"Nimeelewa, mwalimu."

Aliona ni haki, na ilimwuma hivyo hivyo.

Jumatatu, Utemini, asubuhi ya upepo, Lea alipika uji wa uwele kwenye uwanja wa nyumba waliyopangiwa. Stumai alikaa na wenzake akaupokea uji mikono miwili, kweupe, watu wanapita njiani. Alishika kikombe muda mrefu. Klara akamwuliza kama amesahau mdomo ulipo. Ndipo akanywa, na Lea akageuza uso, akaanza kufuta sufuria iliyokuwa safi.

Saa nane alikimbia. Alishika nafasi ya pili, nyuma ya msichana mmoja wa Kilimatinde mwenye miguu kama twiga, na kikombe cha ushindi kilikwenda huko. Alipomaliza alisimama ameinama, mikono magotini, na Mwalimu Dina alikuwa wa kwanza kufika, na kitambaa chenye maji. Stumai akanyoosha mgongo. Alikuwa mzima. Mwalimu akabaki na kitambaa mkononi, hajui akipeleke wapi, mwisho akajifuta nacho uso wake mwenyewe.

Jumanne walikuwa shuleni. Asubuhi Lea alikwenda kuomba ufunguo, akapewa, akaurudisha. Mchana reli ikagongwa. Alipita na upawa, meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Stumai alikuwa amekaa na wenzake, mikono mapajani, mbele yake sahani imefunikwa, na chini yake, ambapo sasa palikuwa juu, lilionekana jina lake lililokwaruzwa kwa msumari. Mkono wa Lea ulikwishatoka kwenda kuigeuza. Akauona ukiwa njiani, akaurudisha.

"Pita, Mama Hana," Stumai alisema taratibu.

Lea akapita. Aliingia jikoni, akatazama mitungi, ilikuwa imejaa. Akatazama kuni, zilitosha. Akavuta kigoda akakaa. Alikaa muda wa kutosha kusikia vijiko vya wasichana kwenye bati, kisha akainuka kwenda kisimani.